Mawe ya Isimila Ukutani Mchafukoge

Jumamosi. Joto la leo halina adabu. Feni ya studio yangu ya picha hapa Mchafukoge inazunguka kutimiza wajibu tu, na huko chini Kariakoo inapiga honi kama kawaida yake.

Mwili uko hapa. Mimi niko Isimila.

Wiki iliyopita, alfajiri, nilisimama kwenye lile korongo kavu la Iringa, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nikisubiri jua. Likaanza kugusa vichwa vya zile nguzo za mawe, likashuka taratibu mpaka mchangani, na korongo zima likawa na rangi ya chungu kilichotoka kuchomwa. Nilipiga picha huku machozi yananitoka. Sioni aibu kuandika hivyo.

Nilienda kwa ajili ya Mama. Amezaliwa jirani na mawe yale, na hajarudi tangu alipomzika bibi. Magoti yamemgomea, basi la kutwa nzima haliwezi. Kila nikipita kwake Ilala lazima anitajie kwao.

Sasa sisi wapiga picha wa huku tuna ugonjwa mmoja: mteja akitaka Ulaya, tunamshushia nyuma yake pazia lenye picha ya Ulaya. Akitaka jumba lenye ngazi za marumaru, lipo. Nikasema basi, na Mama nitampa kwao. Nikachapisha jua langu kwenye turubai, likajaza ukuta mzima. Wateja wamelipenda kweli. Mmoja aliniuliza, "Kaka, hapa ni Dubai?"

Leo nimemleta Mama. Alivaa kitenge chake cha sikukuu. Nikamsimamisha mbele ya turubai, nikawasha taa, nikajiona mtoto mwema kuliko wote Bongo.

Akageuka, akaweka kiganja kwenye mwamba. Nilidhani amefurahi.

"Usinipige picha, mwanangu," akasema. "Ndugu zangu wakiiona hii watadhani nimeshafika. Wataacha kuningoja."

Nikazima taa.

Tangu aondoke nimekaa tu, sina hamu hata ya chai. Nilitaka kumtuliza, kumbe nimemtonesha kidonda. Na changu pia kimetoneshwa, maana yale mawe nataka kuyaona nikiwa naye.

Wiki ijayo nafunga studio. Tutaenda kwa vituo, leo Morogoro, kesho Mikumi, magoti yakigoma tunalala. Kamera sijaamua. Ninachotaka ni kumwona Mama akitetemeka kwa baridi ya kwao.