Mkwe Wangu Hajui Mkono Unaomtibu Ni Wangu

Mpendwa Mama Damalie, naomba unishauri upesi, maana nimebeba jambo ambalo siwezi kumwambia mume wangu wala padri. Mimi ni muuguzi hapa Tororo, na juzijuzi nilihamishwa kutoka wodi ya wazazi, ingawa binti yangu bado anadhani niko kule, nikafundishwa mashine ya sumaku ya kutibu ubongo bila kisu wala sindano, mgonjwa anakaa kitini macho wazi, unamwekea kifaa kichwani, kinagonga kama kigogota kwenye mti, akimaliza anainuka anakwenda zake. Madaktari wanaijaribu kwa watu waliotekwa na kamari, na wanasema wazi kwamba bado wanajifunza na si kila mtu inamfaa, lakini niliyoyaona mimi, mama, yamenishangaza.

Sasa mwezi uliopita akaingia mgonjwa kutoka Busia upande wa Kenya, kuinua macho ni Osborn, mume wa binti yangu Emmy, na wewe unajua sisi Wasamia mama mkwe na mkwe hawashikani hata mkono, tukikutana njiani mimi naingia majanini yeye anageuza uso, ndiyo maana miaka yote hii hajawahi kuniangalia vizuri, na siku hiyo nilikuwa na barakoa na kofia, hakunitambua. Ilukor, mwenzangu wa pekee anayejua mashine, alikuwa amekwenda kwao Merikit kumuuguza baba yake. Ningefanyaje? Nikamshika mkwe wangu kichwa, sikusema neno, na sijasema hadi leo, maswali yote anauliza Kate, mwenzetu anayezungumza na wagonjwa.

Na huyo mtu amebadilika, nakuambia, maana zamani simu haikumtoka mkononi, hata mechi za nchi asizozijua alikuwa anazibetia. Juzi Kate akamwuliza, "Leo hamu ya kubeti iko namna gani?" Akacheka. "Iko, sister, lakini siku hizi inapiga hodi. Zamani ilikuwa inaingia tu." Nilikaribia kulia kwa furaha. Kisha akainama, akasema, "Kuna kitu bado. Ile cherehani ya mke wangu haikuibiwa. Ni mimi niliuza. Nataka kumwambia, lakini naogopa ataenda kwao." Mama Damalie, cherehani hiyo nilimnunulia Emmy mimi, na huko kwao anakokusema ni kwangu! Nilitaka kuiacha mashine nimzabe kofi, na papo hapo nikaona sijawahi kukutana na mwanamume jasiri kama yeye, basi nikaendelea kushika.

Zimebaki wiki mbili amalize, na amesema siku ya mwisho atakuja na Emmy kumshukuru muuguzi wake, "musawo asiyeongea". Nikijitambulisha atakimbia kwa aibu, arudi kwenye kamari. Nikinyamaza, Emmy atanijua akiwa mlangoni. Ilukor amerudi, lakini naogopa kubadilisha mkono uliomzoea. Nifanye nini?

Mama Mkwe, Tororo

Mama Mkwe, barua yako nimeisoma mara mbili. Mwanamume anayevuka mpaka kila siku, akavipita vibanda vyote vya kubeti vya Busia ili akakalie kiti chenu, anastahili kuvuliwa kofia. Na wewe uliyeweka mwiko pembeni ili mtu asizame, mimi sikulaumu. Mashine hiyo nayo, kama madaktari wanavyosema, bado inachunguzwa, lakini ikiwa inampa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kubonyeza simu, nawapongeza walioileta.

Sasa nikukaripie. Kosa lako halipo mkononi, liko sikioni. Umejificha nyuma ya barakoa unasikiliza siri za nyumba ya binti yako, na mwenye siri anadhani anaongea mbele ya mgeni. Hata pasipo mila, huo si uuguzi. Halafu Ilukor amerudi, na bado umeng'ang'ania! Mkono uliomzoea kitu gani, mama? Sema ukweli, wewe ndiye uliyezoea.

Kesho asubuhi mwambie daktari wako yote, na Ilukor ashike mashine kuanzia hapo. Osborn aambiwe na daktari pamoja na Kate, kabla hajakaa tena kitini, maana hata kwa mila zenu neno zito la mkwe hupita kwa mtu wa kati. Akikasirika, ana haki. Wamwombe akasirike lakini tiba aimalize. Habari ya mwiko wapelekeeni wazee wa pande zote mbili, wanajua namna ya kusafisha njia, na ninyi si wa kwanza.

Ya cherehani usimwambie Emmy, wala mumeo, wala jirani. Ni ya Osborn kuisema, na ataisema. Na siku Emmy atakapofika kwako na mkoba wake analia, mfungulie, mpikie chai, alie mpaka aishiwe. Usimtetee mumewe, usimlaani. Akikuuliza kama mtu huyo ni wa kurudiwa, mjibu. Wewe umemshika kichwa, unajua.