Neno la Kuniitia

Jumatatu, 3 Machi

Siku nzima meno ya bandia. Seti tatu, moja ya mzee anayetaka iwe na pengo kama lake la zamani! Nimecheka hadi nta ya kufinyangia ufizi ikanipolea mkononi.

Jioni, kikundi cha Lojban mtandaoni. Tuko sita. Lugha yenyewe ilitungwa na watu, imenyooka kama rula, ila haina Bwana wala Bibi. Salamu ni coi tu, kwa mkubwa na mdogo. Profesa (si profesa, ni fundi friji) anasema heshima ni mapambo. Nikamwambia kumsalimu mkubwa hivyo ni utovu wa adabu. Haya, tunga wewe! akanijibu. Nimebebeshwa majina ya heshima ya ndugu na jamaa. Mdomo wangu huu!

Jumatano, 5 Machi

Doi ni neno la kumtangulizia unayemwita. Doi mamta — ee mama. Baba, shangazi, mjomba, wakwe: nimewamaliza chai haijapoa. Nikafika kwa mke wa baba. Yaani mimi. Kalamu ikagoma.

Chiriku, mtoto wa mume wangu, ana miaka tisa. Anaongea na kila mtu, hata na paka wa jirani. Na mimi pia anaongea, vizuri tu. Ila miezi minane hii tangu niolewe hajaniita kitu. Akinihitaji hutembea nyumba nzima mpaka anifikie, akohoe, ndipo aseme. Kumwita mtu kutoka mbali lazima uwe na jina lake.

Mama yake ni marehemu, na nafasi ni yake. Mama mdogo anaye, mdogo wa marehemu, humpigia simu kila Ijumaa. Mama wa kambo — hapana, hata mimi lingenitisha.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu, mezani: si umwite mama tu, unaona haya gani? Chiriku akaacha kula. Nikamkanyaga baba mtu mguu. Baadaye nikamfokea, jina si dawa ya kumnywesha mtoto kwa nguvu! Akasema alitaka kunifurahisha.

Najua. Natamani sana kuitwa. Basi, nimeshaandika. Hata "wewe!" ya kupigiwa kelele kutoka uani ingenitosha.

Jumanne, 11 Machi

Nimejaribu kurji, mtunzaji. Doi kurji. Nikalisema kwa sauti kazini, peke yangu na plasta ya meno. Linanuka wodi ya hospitali. Nimefuta.

Ijumaa, 14 Machi

Simu ya mama mdogo. Mama mdogo! Mama mdogo! — sauti ya Chiriku, kutoka chumbani mpaka jikoni. Nimekata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika.

Jumapili, 16 Machi

Nilisahau daftari mezani, wazi. Chiriku amesoma orodha yote. Akaja, akakohoa. Doi ni nini? Nikamweleza. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho: mbona huyu hana kitu? Nikasema sijapata. Ni nani? Ni mke wa baba, nikasema.

Akautazama mstari ule muda mrefu. Akaomba penseli. Nikampa. Hakuandika kitu, ameondoka nayo.

Profesa anataka orodha leo. Nimemwambia asubiri. Asubiri nini? Asubiri tu!

Jumatatu, 17 Machi

Baba yake bado yuko kazini. Maji yamekatika, na Chiriku yuko bafuni, povu bila shaka mpaka utosini. Anagonga ndoo. Najua maana yake. Lakini — Mungu anisamehe — nimekaa, naandika. Dakika moja tu.

Anagonga tena.

Doi!

Kwa sauti. Kutoka mbali! Halafu hakuna kitu. Anafikiri.

Nimeshasimama, jagi la maji mkono mmoja, kalamu mwingine. Bafu liko hatua sita. Nikitokea sasa hatakuwa na haja ya kumalizia. Na povu linamuuma macho, mtoto wa watu. Anavuta pumzi. Doi —