Pombe ya Kuondoa Matanga

Jumatano, 2 Julai

Nimefagia. Nimechota maji. Nimempa mama mkwe uji, akanywa. Nimerudi mkekani. Siku zangu zimekuwa hivi tangu Oktoba, mume wangu Kalonda alipokufa kwa homa.

Leo shemeji amekuja na pikipiki kutoka Wamaza, kijijini kwao. Ni mdogo wa Kalonda, ila sasa anaongea kama mkubwa wa wote. Ukoo umepanga: matanga yangu yataondolewa Jumamosi ya tarehe 19. Nitaoshwa, nitanyolewa, nitavua nguo nyeusi. Ila pombe kwanza. Kwao, pombe hiyo lazima ichachie ndani ya nyumba ya mjane, na mjane mwenyewe asiitie mkono. Mkono wa msiba unaua pombe. Ikitoa povu, marehemu amekubali. Ikilala, amekataa, na mjane anakaa mwaka mwingine, safari hii Wamaza, uani kwao. Nyumba hii ataingia shemeji. Sisi hatukuzaa. Sina wa kunisemea.

Alisema yote hayo akiwa amesimama, kofia ya pikipiki mkononi. Nikaitika ndiyo. Sikusikia hasira wala hofu. Nilikuwa nikitazama matope kwenye viatu vyake na kujiuliza ameyapata wapi kiangazi hiki.

Ijumaa, 4 Julai

Kichekesho ni kwamba mimi ndiye mpika pombe. Pombe yangu ya ndizi ilikuwa inanyweka hapa Kasongo hata na watu ambao hawataki niwataje. Sasa nasubiri mwingine anipikie.

Wengine wana dada wa kuwafanyia. Wangu wako Kalemie. Nimemwita Furaha, jirani, mtu wa Bukavu, anayeuza mitumba kwenye machimbo ya dhahabu. Amekubali kukamua ndizi na kuchanganya. Atachanganya Jumatatu ya tarehe 14, ila siku hiyo hiyo ataondoka kwenda kuuza. Akasema, "Miye nitachanganya. Lakini kulala na ndoo kama mutoto mugonjwa, ile apana."

Na hapo ndipo kazi ilipo. Kiangazi hiki asubuhi kuna baridi. Pombe ikipoa inalala. Ukiisogeza motoni ovyo inakuwa siki. Mimi nilikuwa naiangalia kwa mkono, naifunika, naifunua, naisogeza. Mkono umekatazwa.

Jumapili, 6 Julai

Watu wamekwenda misa. Nimeingia chumba cha kazi cha Kalonda kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatengeneza redio na kuchaji simu za watu. Vumbi tupu. Sikulia. Mama mkwe alikuwa mlangoni akingoja nilie. Aliposhindwa akaenda zake.

Nimekuta kidude cha kupimia joto alichotumiwa kutoka Bukavu. Kina waya wenye kichwa cha chuma na namba nyekundu. Joto likishuka kinawasha, likipanda kinazima. Alikinunua kwa ajili ya mayai ya kuku, kuku wakaibiwa. Betri ipo. Paneli ya sola ipo juu ya bati. Taa ya gari ipo. Na nje kuna friji mbovu ambayo tumekuwa tukiwekea viatu.

Nimeshika waya kutwa nzima. Waya hazikukatazwa.

Jumatatu, 7 Julai

Haiwaki. Nimechoka. Nimelala na viatu.

Jumatano, 9 Julai

Imewaka. Nilikuwa nimegeuza waya mbili. Kalonda angenicheka wiki nzima.

Friji nimeikokota mpaka chumba cha kazi, taa iko juu ndani yake. Nimeweka ndoo ya maji, nikafunga mlango, nikakiambia kidude nataka nyuzi ishirini na nane. Kikalia "ta", taa ikawaka. Baadaye "ta", ikazima. Namba ikasimama palepale. Furaha alikuja kuona, akapiga makofi. "Akili ni nywele, kila mutu na zake. Na weye watakunyoa, utabaki na nini?" Alicheka peke yake. Mimi niliona kwamba ni jambo la kucheka, basi.

Mama mkwe alizunguka friji mara kadhaa, mikono nyuma. Akasema, "Pombe inachungwa na mutu, haichungwe na taa." Akarudi mkekani kwake.

Sijaandika juu yake. Amekaa nami tangu mazishi, ndivyo desturi. Analala chumba cha pili. Zamani Wamaza naye alikuwa mpika pombe. Ndiye aliyenikumbusha marufuku ya mkono siku ya kwanza kabisa, kaburi bado bichi. Nadhani ananichukia. Anasema macho yangu makavu. Ni kweli, ni makavu. Sijui yamekwenda wapi maji yake.

Jumapili, 13 Julai

Ndizi zimeiva vizuri shimoni. Furaha amezifukua. Harufu ilijaa ua wote. Zamani harufu hiyo ilikuwa inanifanya niimbe.

Jumatatu, 14 Julai

Furaha amekamua tangu alfajiri, kwa majani makavu, magoti yametota. Mimi nimekaa mbali kama mgonjwa wa surua, naelekeza kwa kidole. Maji kidogo. Unga wa mtama wa kukaanga. Koroga. Ndoo mbili zikaingia ndani ya friji. Nikamwambia afunge kile kichwa cha chuma ukutani, pembeni ya taa. Kukizamisha ndani ya pombe niliogopa, maana waya ule nimeushika mimi kwa mikono yangu. Nilijiona mwenye busara.

Kisha Furaha akapanda pikipiki na marobota yake. Atarudi Alhamisi asubuhi.

Ishirini na nane.

Jumanne, 15 Julai

Ishirini na nane. Asubuhi, mchana, jioni. Sijasikia harufu.

Jumatano, 16 Julai

Nimeweka sikio kwenye mlango wa friji. Pombe inayochacha huongea, kama mafuta yanayoanza kupata moto. Hakuna. Kimya cha kaburi.

Nimekaa chini nikafikiri, na nimejua. Mjinga ni mimi. Namba ile si joto la pombe. Ni joto la hewa kando ya taa. Taa iko juu, ndoo ziko chini, friji imekaa juu ya sementi baridi. Hewa inapata joto, kidude kinashiba, kinazima. Pombe chini inalala kwa baridi. Ningezamisha kile kichwa ndani ya ndoo, yote haya yasingekuwa. Kwa kuogopa kuua pombe, nimeiua.

Na tena watu wanachoma mashamba. Moshi umefunika jua tangu jana. Betri imeshuka. Alasiri namba zenyewe zimezimika.

Kesho Furaha atarudi. Ana mikono safi. Atatoa ndoo, atazisogeza karibu na moto. Bado kuna muda kidogo.

Alhamisi, 17 Julai

Furaha hakuja. Amenipigia, pikipiki imekatika mnyororo porini, hawana mwingine. Alikuwa analia kwenye simu. Mimi nilimbembeleza yeye.

Nilisimama mbele ya friji. Ningeweza kufungua. Nani angejua? Lakini mama mkwe alikuwa pale, ananitazama. Nikasema liwalo na liwe. Nikaona Wamaza, ule ua, ule mkeka. Nikaona sijali. Hilo ndilo lililonitisha kidogo, kwamba sijali. Nikachukua bidoni nikaenda kuchota maji.

Niliporudi mlango wa friji ulikuwa wazi. Sikuingia. Nilichungulia.

Mama mkwe amekaa sakafuni, miguu ameinyosha, ndoo katikati ya mapaja. Ameizungushia blanketi lake. Pembeni mbabula, lile jiko la makaa, na sufuria. Anachota pombe kidogo, anaipasha motoni, anaimimina tena, anakoroga kwa mkono mtupu mpaka kwenye kiwiko. Anasikiliza kwa vidole. Mkono wake ni wa msiba kuliko wangu. Kalonda alitoka tumboni mwake. Alikuwa anaiambia kitu ile ndoo, kwa sauti ya chini, kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Nilisikia jina la mwanawe tu.

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ni kitu cha kwanza nilichosikia tangu Oktoba. Nilikasirika mpaka meno yakauma. Miezi yote hii ananilinda nisiguse, kumbe anaweza kugusa! Nilitaka kuitupa ile bidoni.

Kisha nikarudi nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya jiwe, nikakohoa kwa nguvu, nikangoja. Nilipoingia friji ilikuwa imefungwa. Yeye mkekani, blanketi begani limelowa. 

Ijumaa, 18 Julai

Pombe inaongea. Nimeisikia kutoka mlangoni. Jua limetoka, taa inawaka. Namba zinasema zinavyotaka, sizitazami.

Furaha amefika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Amefungua, amefunika mdomo. Povu limeinua vifuniko. Akanikumbatia akisema mashine yangu, mashine yangu. Nikamwacha aamini.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika wengi, pikipiki zimejaa ua. Kreti za bia ya chupa, za kulewa. Yangu ni ya kuonja tu.

Baba mkubwa wa ukoo akainama juu ya ndoo. Akaangalia povu. Akaonja, akafumba macho muda mrefu. Shemeji alikuwa karibu naye, shingo ameinyosha. Mzee akauliza, "Nani alichunga hii pombe? Mujane aliitia mukono?"

Nikasema apana. Furaha akasema apana, alikuwa njiani.

Akamgeukia mama mkwe. "Weye ulikuwa humu. Nani aliigusa?"

Mama mkwe hakupepesa macho. "Mashine," akasema.

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, akamwaga kidogo chini, akasema Kalonda amekubali. Shemeji hakunywa. Alikwenda kuangalia tairi lake ambalo halikuwa na kitu.

Mama mkwe ndiye aliyeninyoa. Wembe ulipita polepole. Mkono wake ulikuwa unanuka ndizi. Alikuwa anapangusa kichwa changu kwa kitambaa, na ndipo nikalia. Si vizuri, si kama wanavyolia watu. Kwa kelele mbaya. Hakusema pole. Aliendelea kunyoa.

Jumapili, 20 Julai

Wameondoka. Mama mkwe hakupanda pikipiki. Amesema goti linamuuma.

Nimemuuliza, wewe mama, matanga yako wataondoa lini? Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Ya mama haiondolewe, mukamwana. Wanaondoa ya bibi, wanaondoa ya bwana. Mama anabaki nayo." Akaomba chumvi kwenye mboga.

Sikujua. Sijawahi kuuliza. Nimeishi naye msiba mmoja, nyumba moja, na nilidhani ananichunga.

Jumanne, 22 Julai

Nimekwenda sokoni. Kichwa wazi, jua linachoma. Wanawake wamenisalimia sana. Nimenunua mikungu miwili ya ndizi na unga wa mtama. Muuzaji akauliza sherehe gani. Nikasema ya nyumbani.

Jumatatu, 28 Julai

Nimekamua mwenyewe. Mikono imevimba, imesahau kazi. Nimeinua friji juu ya mbao, taa nimeishusha chini. Kile kichwa cha chuma nimekizamisha ndani ya pombe.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Akauliza ya nani hii. Nikasema yako. Akasema haiko desturi. Nikasema najua.

 Kisha akaja, akakunja mkono wa blauzi, akautia ndani ya ndoo mbele yangu.

"Iko baridi," akasema.

Nikawasha taa.