Simu ya Ghalani

Jumatatu, 3 Juni
Baridi. Nimefagia, nimechemsha chai, nimefuta meza. Mtambo mpya wa simu umefungwa ukutani nyuma ya kiti changu cha mapokezi. Umekuja na simu zake nne, ghala halikupata. Nikajitia kimbelembele, nikamwambia Meneja ghalani tuweke ile simu yetu ya zamani. Amekubali. Ila tajiri, mwenye kampuni, atapiga kutoka Dar Jumamosi, anataka kuongea na ghala kabla hatujaanza kununua kahawa. Ikishindikana, kiti changu atakikalia mpwa wake Meneja, yuko Songea, amesomea mitambo. Mdomo wangu huu!

Jumanne, 4 Juni
Simu ya zamani kimya. Nimechomeka, nimechomoa, nimeipiga na kofi. Fundi aliyeufunga mtambo akacheka. Kumbe mtambo una matundu ya simu zake, na mawili tu ya simu za kawaida. Mimi nimechomeka kwingine. Si angesema jana? Tumehamisha waya, ikalia. Nimemnunulia maandazi.

Simu ya kawaida haina kitufe cha kumhamisha mtu. Unabonyeza kidogo pale unapokaa mkonga, mtambo unamweka pembeni unayeongea naye, unapiga namba nyingine. Fundi ameutega mtambo usubiri kidogo kabla ya kukata, asije mwenye kidole kizito akakata simu. Rahisi.

Jumatano, 5 Juni
Si rahisi. Kila Meneja akipiga ghalani, Mama Ester anaitika, halafu Meneja anabaki na ule muziki wa kusubirisha watu. Mama Ester ndiye mtunza ghala. Mtu wa Mbaha, kule Ziwa Nyasa, Mwanglikana hasa, hana mchezo na kazi. Anasema yeye anasikia mlio tu.

Meneja aliniangalia. Nikaenda kumwita Fundi.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi amekagua waya wote. Mzima. Ameondoka zake.

Nikipiga mimi: shikamoo mama, marahaba mwanangu, tunaongea vizuri kabisa. Akipiga Meneja, muziki. Mtambo gani huu unachagua watu? Nina hasira, hata nguvu ya kuandika sina. Mpwa ameshatumiwa nauli.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeona kwa macho yangu!

Nilikwenda ghalani, nikakaa juu ya gunia, Meneja akapiga. Mama Ester akapokea. Kusikia ni mkubwa, akaulaza mkonga juu ya simu, akapiga makofi mawili ya haraka, akauchukua tena. Basi. Mtambo umeona umebonyezwa, umemweka Meneja pembeni. Mimi mtoto kwake, hanipigii makofi, ndiyo maana kwangu ilikuwa salama.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama Ester akanuna.

"Sasa nimsalimie mkubwa nimeshika kitu mkononi?"

 Kwao ziwani mkubwa husalimiwa kwa makofi, mikono mitupu, na hata sisi Wamatengo wa huku milimani tunalijua hilo. Nimemwomba radhi. Nikakunja gunia tupu, nikaliweka kando ya simu, mkonga ulale hapo. Tumejaribu na Meneja. Hakuna muziki. Lakini tajiri je? Makofi hayo atayaonaje?

Jumamosi, 8 Juni
Tajiri amepiga. Nimemhamishia ghalani, nikabaki nasikiliza. Najua si adabu. Roho ilikuwa juu.

Mama Ester akaitika. Kisha makofi, mawili, hayo mpaka Dar. Tajiri akauliza ni kelele gani.

"Si kelele, baba. Nakusalimia."

 Nikafumba macho. Halafu tajiri akasema asante mama, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua. Kahawa ilikuja mwishoni kabisa. Hakuwa na haraka, na yeye ni mtu wa haraka siku zote.

Meneja hakutaja habari za mpwa. Nikazitaja mimi. Akasema hapana haja tena, mtambo ni wangu. Nimerudi nyumbani naimba njia nzima.

Jumatatu, 10 Juni
Ukungu hadi saa nne. Simu chache.

Meneja amepiga ghalani mwenyewe. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi nusu. Alisikiliza kidogo, akageuka kuangalia kama kuna mtu. Akaulaza mkonga juu ya daftari lake. Akapiga makofi mawili, taratibu, akauchukua tena.

Niliinama nikachonga penseli.