Kaseti ya Mpira ya Kijana Wetu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi leo. Mke wangu yuko kwa binti yetu, anamsaidia na kichanga. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Siku kumi na mbili. Kazi hii kwangu ni ya nusu siku, zilizobaki nitalala.

Kazi yenyewe ni mashine ya gemu ya kijana wetu. Alituacha, mwaka wa tatu huu. Homa ya siku nne tu. Ndani ya kaseti ya gemu ya mpira alitengeneza timu, wachezaji wote akawapa majina ya ndugu na marafiki zake. Mama yake anataka ile timu irekodiwe kwenye kompyuta, iwe filamu, awe nayo kwenye simu. Alisema kaseti inazeeka na sisi tunazeeka, fanya mapema. Nikamwambia, mama, nusu ya televisheni za mji huu nimezifungua mimi. Akasema ndiyo maana nusu haziwaki.

Mwanamke huyu.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua kidude cha kunasa picha. Upande mmoja unachomeka waya wa njano wa mashine, upande wa pili unaingia kwenye kompyuta. Nimechomeka. Buluu tupu. Imeandika hakuna picha.

Hakuna picha vipi? Televisheni yangu ya zamani inaonyesha vizuri, mpaka nyasi za uwanja unaziona. Nimebadilisha waya mara tatu. Nimepangusa tundu. Nimezima, nimewasha. Buluu.

Kidude ni kibovu. Mimi si mbovu.

Jumatano, 5 Machi

Kidude si kibovu. Nimekwenda kwa fundi simu wa hapo kona, yule wanamwita Vidole kwa kuwa anafungua simu kwa kucha. Si kumuuliza. Kumwonyesha tu.

Akaniamkia vizuri, halafu akaanza kucheka. Mzee wangu, hizi mashine za zamani zinatuma nusu ya mistari ya picha. Televisheni yako haijali. Kompyuta inangoja nusu nyingine, haiji, inasema hakuna kitu. Tafuta kitu cha katikati, deki ile ya kurekodi DVD. Itaipokea picha, itaipanga upya, ndiyo uipe kompyuta.

Nikamwambia hilo nalijua tangu hajazaliwa. Akasema, sawa mzee, mbona umekuja?

Deki ninayo chini ya kitanda.

Ijumaa, 7 Machi

Deki imekubali! Picha imeingia kwenye kompyuta. Lakini haina rangi. Nyeusi na nyeupe kama picha ya kitambulisho.

Basi nimekaa nikaiangalia timu hivyo hivyo. Sikuwahi kuiangalia. Alipokuwa hai nilisema ni upuuzi. Mwaka wa mtihani niliifungia mashine kabatini miezi minne, ufunguo nikatembea nao mfukoni.

Golikipa DADA. Beki MJOMBA, na BABU, na SHANGAZI. Shangazi yake mnene vile, kamweka beki, na ni sawa, hapiti mtu. Namba tisa MAMA. Nikatafuta BABA. Nikashuka mpaka chini. Namba kumi na sita, benchi. Mechi sifuri.

Huenda ni kwa sababu ya umri.

Jumapili, 9 Machi

Rangi imepatikana. Ilikuwa ndani ya kompyuta, kuna mahali pa kuchagua aina ya rangi, iliyochaguliwa siyo. Nimepata mwenyewe. Siku mbili, lakini mwenyewe.

Mke wangu kapiga simu. Umefika wapi? Nikasema imekwisha, bado kurekodi tu. Halafu akasema, mimi kwenye ile timu nilikuwa nimefikisha mabao mia mbili na kumi na mbili. Nikamuuliza kajuaje. Akasema, kijana alikuwa akinihesabia kila jioni. Mimi niko jikoni, yeye anapiga kelele kutoka sebuleni, mama umefunga, mama njoo ujione. Namwambia nakuja. Chungu kiko motoni, siendi.

Sijajiona hata siku moja, baba. Ndivyo alivyosema. Nikamwambia mtandao unasumbua nikakata.

Nimekwenda kutazama. MAMA, mabao 212. Kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimewasha ili nirekodi. Timu haipo! Nimezima. Nimesugua meno ya kaseti, yale yanayoingia kwenye mashine, kwa spiriti na pamba. Nimewasha. Wote wamerudi, na MAMA na mabao yake.

Nimempigia Vidole. Akasema ndani ya kaseti mna betri, duara, kama ya saa. Ndiyo inayoshika kumbukumbu. Mzee, rekodi leo. Rekodi sasa hivi. Betri usiiguse kabla hujarekodi, nakuomba.

Nikamuuliza, na betri ikizimika katikati ya kurekodi? Akasema haizimiki, mashine ikiwa inawaka kaseti inakula umeme wa mashine. Anasema hivyo yeye. Ana miaka mingapi? Nyumba inayovuja huipaki rangi. Unaziba kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Nimebadilisha betri.

Nimefuata kanuni. Wanafunzi wangu wote niliwafundisha, kabla ya kugusa chochote ondoa umeme. Nikaitoa ya zamani. Nikapangusa. Nikachomelea mpya. Kazi safi, sonara angeniamkia. Nikafunga skrubu zote nne.

Nikawasha.

TIMU 1. MCHEZAJI 1. MCHEZAJI 2. MCHEZAJI 3.

Nimesugua kwa spiriti. Nimesugua mara sita. Nimeirudisha betri ya zamani.

MCHEZAJI 1.

Jumatano, 12 Machi

Sina la kuandika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeirudisha betri mpya, nimeanza kuyaandika majina upya. Herufi moja moja, unabonyeza mshale mpaka ifike. DADA. MJOMBA. BABU. Wawili siwakumbuki walikuwa nani, na mimi niliwaona Ijumaa tu kwa macho yangu. Kijana aliwapenda kiasi cha kuwatia kwenye timu, mimi siwajui.

Nilipofika kumi na sita nilisimama. Ningeweza kujiweka mbele, nani angejua. Nimeandika BABA pale pale benchi.

Lakini mabao hayaandikwi. Mabao mpaka ufunge. Nimecheza mechi nne nikiwa na MAMA mbele. Nimefungwa tisa, nimefungwa saba, nimefungwa kumi na moja. Ya nne nimefungwa mbili tu, nikaona nimejua. MAMA, sifuri.

Jioni Vidole kapita. Akauliza, mzee, ulirekodi? Nikasema kaseti ilikuwa imeoza, imekufa yenyewe. Akaomba aione. Akaifungua, akaiangalia betri mpya, na mahali nilipochomelea. Aliangalia muda mrefu. Nilijiandaa anicheke, na jibu nilikuwa nalo tayari.

Akasema umechomelea vizuri, mzee wangu. Akafunga skrubu, akaondoka.

Afadhali angecheka.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu amefika saa tisa. Kaniletea picha ya mjukuu. Kaoga, kabadilisha nguo, kavaa gauni la kutokea. Nikamuuliza unakwenda wapi? Akasema siendi popote, naangalia mpira.

Kavuta kiti mpaka mbele kabisa ya televisheni. Kafuta miwani. Mabao ya MAMA jana yalifika matatu. Nililala mikono imekufa ganzi.

Kaniita, njoo basi. Nikasema natafuta waya. Akasema upi, si huo umeuning'iniza begani? Nikasema huo mbovu. Nimekuja huku chumbani, nimekaa kitandani na daftari. Miaka arobaini na moja ya ufundi sijamwambia mtu nimeharibu kitu chake. Nasema kilikuja kimeharibika. Wote waliambiwa hivyo, na walilipa.

Hiki hakikuja na mtu. Kilikuwa cha humu.

Nitamwambia kabla sijawasha. Nitakaa kwanza. Nitamwambia mama, sikiliza

Muziki wa gemu. Kawasha mwenyewe. Kumbe anajua kuwasha.

Anasoma kwa sauti, taratibu, anavyosoma barua. Dada, golikipa, mabao sifuri. Anacheka. Ni sawa, golikipa hafungi. Mjomba, sifuri. Babu, sifuri. Shangazi, sifuri. Anacheka tena, anasema huyu naye kawekwa beki.

Sasa ni yule wa tano, mmoja wa wale niliowasahau. Nilimwacha MCHEZAJI 5.

Anasoma, mchezaji tano. Anarudia, mchezaji tano.

Ameniita. Si kwa sauti kubwa.