Vidole Vyangu Tisa

Mzee Khamisi,

Tangu tukuzike hapa Koboko, ofisini wameleta mashine ya alama za vidole. Daftari lako la wakulima limefungiwa kabatini. Wakubwa wa Arua walisema mashine itakomesha udanganyifu, na maskini wa kweli ndiye atakayepata mbegu.

Mwezi uliopita nilitumwa Lobule kuandikisha watu. Vijana walimalizika upesi. Wanawake wazee mashine iliwakataa. Wameshika jembe miaka yote, na ncha za vidole zimelainika kama mpini wenyewe. Waliosha mikono, wakajifuta kwa vitenge, wakabonyeza tena. Taa nyekundu. Mama Yeno akaniambia, "Mwanangu, mashine iko nasema mimi si mutu? Basi uliza jembe yangu, iko najua mimi!" Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Saa kumi gari lilikuwa linarudi, na sikuruhusiwa kuandika jina bila kidole.

Wewe ungeita majirani wawili washuhudie, uandike, yaishe. Ulikuwa ukiniambia, "Binti, salamu kwanza, kalamu baadaye," na katika salamu ulijua nani muhogo wake umeoza, nani amelala na njaa. Mimi sikumwuliza mtu habari za nyumbani. Nilitoa vidole vyangu. Gumba la kulia lilikuwa limeshaandikishwa kuwa la karani, vikabaki tisa. Na wanawake walikuwa tisa. Kila mmoja nilimpa kidole chake, nikabonyeza kwa jina lake. Mashine ikawasha taa ya kijani, mara tisa.

Mbegu za karanga zitagawiwa hapa Koboko Alhamisi. Leo nimepewa barua ya uhamisho: Jumatano niwe Oraba. Karani mpya atawaambia wabonyeze, na mashine haitawajua. Mvua imeshaanza, Mzee. Watarudi Lobule kwa miguu, mikono mitupu, na huko Arua wataonekana wameandikishwa vizuri.

Naogopa. Nimeandika maelezo mara tatu nikayachana. Kwa hili mtu hufukuzwa, pengine hata polisi.

Pumzika, mwalimu wangu. Nakuahidi: kesho asubuhi, kabla mkubwa hajaketi, nitaweka mikono yangu miwili juu ya meza yake na kumtajia majina, kidole kwa kidole.

Karani wako,
Scovia