Ami Seif Amependa Uani

Darsait, Muscat, Ijumaa, Mei 2006. Baada ya Alasiri.

Joto la leo halina adabu. Kiyoyozi cha sebuleni kwa Mama kinanguruma tangu asubuhi na bado jasho linanitoka, ingawa nahisi nusu yake ni hasira. Ami Seif ameondoka bila kumaliza kahawa yake. Kwa watu wa kwetu, kuacha kahawa nusu kikombe ni kauli nzito.

Sijutii. Naandika hapa ili nisije nikajuta kesho.

Kisa ni nyumba. Nilipokuwa nasomea usanifu majengo Ujerumani, miaka ya tisini, nilipewa kazi ya kupima nyumba ya kabaila mmoja wa zamani, mwenye mashamba, huko kaskazini, kijijini kabisa. Si kasri. Ni nyumba ndogo isiyo na ghorofa, ila paa lake refu la vigae vyekundu limeficha vyumba ndani yake. Kuta ni za matofali ya kuchoma yaliyopakwa chokaa, na msingi ni wa mawe waliyoyaokota mashambani. Nilishinda humo majira mazima ya joto na futi mkononi. Nilitambaa mpaka darini, nikakuta kati ya boriti wamejaza udongo na majani makavu ili baridi isipenye. Niliipenda nyumba ile kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu huku kwetu. Nikaipiga picha, nikaikuza, na niliporudi Muscat Mama akaitundika sebuleni kwake.

Nyumba ile ina pande mbili, na hapa ndipo matata yalipoanzia. Upande mmoja unatazama ua wa kazi, kwenye mazizi na maghala. Barabara inatokea huko, na wageni walishukia huko, kwenye mlango wa kawaida tu. Upande wa pili unatazama bustani, na hapo ndipo walipomwaga pesa: ngazi pana za mawe, milango mirefu ya vioo, na nyuma yake chumba kizuri kuliko vyote. Bibi mwenye nyumba alikaa humo na wanawe na wageni wake, upepo ukiingia. Kwetu tungesema ni uani, basi.

Picha ya Mama ni ya uani.

Sitaki kuipamba. Watu waliolima mashamba yale hawakuruhusiwa kukanyaga ngazi hizo. Bibi mmoja wa kijijini alinisimulia kwamba mwisho wa Vita Vikuu vya Pili, wenye nyumba walipokimbia, mama yake alimshika mkono wakazunguka bustanini, wakapanda ngazi, wakaingia. Hawakuchukua kitu. Walitaka kuingia tu. Baadaye serikali ikaigeuza ofisi ya ushirika wa wakulima, kisha chekechea, watoto wakawa wanakula uji katika chumba kile kizuri. Nilipofika mimi ilikuwa tupu, vioo vimevunjika, lakini ngazi hazijatikisika hata jiwe moja.

Sasa Ami Seif, mdogo wake marehemu baba, amepata kiwanja Azaiba. Anajenga nyumba ya ukoo, na Mama atahamia huko, kwa sababu Ami hataki mjane wa kaka yake aendelee kukaa peke yake kwenye fleti. Ana moyo mzuri, hilo silikatai. Siku aliyotuletea habari hiyo alisimama mbele ya picha, akakigonga kioo chake kwa funguo za gari.

"Nnataka hii. Uso huu huu, utazame njiani. Na majlis yangu hapa, nyuma ya vioo."

Paa la vigae nilimkatalia palepale, huku hatuna theluji ya kumwaga, naye akaniachia hilo. Mengine akanichorea mwenyewe kwenye karatasi. Majlis ya wanaume, chumba cha kupokelea wageni wao, ilichukua ngazi, vioo na upepo wote wa baharini. Sisi wanawake tukawekewa mlango wa ubavuni, unapita jikoni, unatokea sebule inayotazama ukuta wa jirani na tangi la maji. Kama kawaida yetu. Mama amepokea wageni wake miaka nenda miaka rudi katika vyumba vya namna hiyo. Sasa magoti hayamruhusu tena kutoka ovyo. Akihamia Azaiba, sebule hiyo ndiyo itakuwa dunia yake yote, asubuhi mpaka jioni, mpaka mwisho wake.

Hapana. Si kwa kalamu yangu.

Nikachora yangu. Ngazi ziko mbele, kama alivyotaka. Vioo viko palepale. Lakini nyuma ya vioo ni sebule ya wanawake, mbele yake kuna bustani na ukuta mrefu ili njiani wasituone, na majlis ina geti lake na mlango wake ubavuni. Leo baada ya chakula nikamtandikia ramani mezani. Kidole chake kikaifuata njia ya mgeni kutoka getini, taratibu, mpaka kikasimama.

"Wageni wangu wapite ubavuni? Kama wapishi?"

"Mbona sisi tunapita huko siku zote, Ami."

Akasema nimesoma kupita kiasi. Nikamwambia kwamba alichokipenda ni uani, na uzuri wote ule ulijengwa kwa ajili ya wanaoshinda ndani. Kama anataka uso wa wanaume, nitamchorea upande wa mazizi, na picha yake ninayo. Hapo kikombe kikawekwa chini. Atampa kazi mchoraji mwingine, akasema, wamejaa tele Ruwi. Nikamjibu ampe, kwa sababu jina langu halitakaa kwenye ramani inayompitisha mama yangu jikoni. Ameondoka na ramani kwapani, sijui anakwenda kuichana au vipi.

Ndiyo, nilipandisha sauti. Mbele ya ami yangu. Siku ya Ijumaa.

Mama aliyasikia yote akiwa kwenye kochi, tasbihi mkononi. Nilijua nitagombezwa. Mlango ulipofungwa alivuta pumzi.

"Muache apoe kwanza," akasema. "Halafu mwambie, mimi ubavuni sendi. Nnabaki zangu Darsait."

Akaendelea na tasbihi yake. Nilibaki nimesimama na sahani mkononi, nataka kucheka na kulia kwa pamoja.

Nilidhani ningeishia hapa, lakini simu imelia sasa hivi, kabla ya Magharibi. Ni Bi Zuweina, mke wa Ami, kutoka Sib. Huyu mama humpigia Mama, hajawahi kunipigia mimi. Alikuwa akizungumza chini chini, nikajiandaa kwa karipio la pili.

"Ami yako kaingia kanuna, karatasi kaibwaga mezani. Mie nimeitizama." Nikasikia karatasi ikikunjuliwa. "Hizi ngazi, mwanangu. Jioni tukitaka kukaa na wenzangu tukapunga upepo, tutaenea?"

Nikamwambia tutaenea sote.

Nimemdanganya. Nilivyozichora wanaenea watu wanne, tena wakibanana. Kesho nazipanua.